Mumiani Hana Meno Marefu

Katika somo la tafsiri hakuna kinachomtoa mtu jasho kama kichekesho, na kichekesho kilichochanganywa na hofu ni kigumu zaidi. Mfano mzuri ni filamu ya Roman Polanski ya mwaka 1967, ambayo waliosomea Kifaransa wanaijua kwa jina la Le Bal des vampires. Profesa mzee, Abronsius, na msaidizi wake mwoga, Alfred, wanaingia katika kasri la von Krolock kuwasaka wanyonya damu. Mwenye nyumba ya wageni, Myahudi aitwaye Shagal, anageuka mnyonya damu. Msichana anamwinulia msalaba, naye anacheka tu, maana msalaba si wa dini yake. Baadaye ukumbi mzima unacheza dansi mbele ya kioo, lakini kiooni wanaonekana watu watatu tu, wale walio hai.

Anayecheka hapo amekwisha kuzijua kanuni: mnyonya damu huogopa msalaba, haonekani kiooni, hulala jenezani. Asiyezijua ataona watu wanacheza dansi, basi.

Sasa tuchukulie kwamba filamu hii inasimuliwa kwa Kiswahili pale Petite Barrière, Gisenyi, mahali ambapo kwa miaka mingi maelfu ya watu wamevuka kwa miguu kwenda na kutoka Goma, wengi wao akina mama wachuuzi, na Kiswahili kikawa lugha yao ya kupatana bei. Usimulizi wenyewe si jambo geni. Rwanda, filamu ya kigeni iliyowekewa sauti ya msimulizi kwa Kinyarwanda huitwa agasobanuye, yaani kilichofafanuliwa. Dar es Salaam, kazi hiyo ilimpa jina Derek Mukandala, maarufu kama Lufufu. Je, msimulizi wetu amwite von Krolock nani? Wanafunzi wengi watajibu haraka: mumiani. Kwa maoni yangu, jibu hilo linapotosha.

Neno hili limetoka Uajemi, na mwanzoni lilitaja kitu, si mtu: dawa nyeusi kama gundi, iliyopakwa au kunywewa na samli kwa ajili ya mifupa iliyovunjika. Kamusi ya Johnson ya mwaka 1939 inaieleza dawa hiyo, kisha inaongeza kwamba wengi waliamini ni damu ya watu iliyoganda, na kwamba uvumi ukienea mjini watu hawatoki nje baada ya jua kutua. Jina la dawa likawa jina la mwenye kuitafuta. Kenya na Uganda walisemwa wazimamoto, Katanga, batumbula. Mwanahistoria Luise White alizikusanya habari hizi katika kitabu chake cha mwaka 2000, akaamua kuwaita wote vampires kwa Kiingereza. Ni uamuzi wa kijasiri, na wenye hasara zake.

Kwa nini? Von Krolock hunyonya kwa sababu ana njaa. Mumiani ameajiriwa. Hana meno marefu. Ana gari, ndoo, sindano na bwana mkubwa anayemlipa. Nadhani ndiyo maana wazimamoto walishukiwa: magari mekundu, sare, na vijana wanaolipwa mshahara hata siku ambayo hakuna nyumba iliyoungua. Hofu hii haikuwa mchezo. Mwaka 1959, Buguruni, Dar es Salaam, umati ulioamini kwamba mumiani wamefika ulimuua askari polisi. Neno lenye damu ya namna hiyo halifai kubandikwa kwa bwana mwenye joho anayekaribisha wageni dansini.

Kwa von Krolock, basi, ningetumia mnyonya damu, au vampaya, na kumwachia msimulizi kazi ya kufafanua habari za msalaba na kioo kabla Shagal hajacheka.

Lakini mumiani yumo katika filamu hii, ila hajavaa joho. Mgeni msomi anafika kijijini na mkoba wa vifaa. Anauliza maswali ambayo wenyeji hawataki kuyajibu. Anaye kijana wa kumbebea mzigo na kutumwa mahali pa hatari. Wakati wa ukoloni, wapima ardhi, madaktari na watafiti walishukiwa kwa dalili hizohizo. Mwishoni Abronsius anaendesha gari la theluji akidhani ameshinda. Nyuma yake Sarah, msichana waliyemwokoa, anamng'ata Alfred, na profesa anaibeba balaa ile kwenda nayo duniani, hana habari. Mzee yeyote aliyewahi kujifungia ndani jioni kwa ajili ya mumiani angemtambua profesa tangu alipoteremka na mkoba wake.