Bunduki ya kila askari ilivyogeuzwa kuwa ya mdunguzi

Vijana wenzangu, wengi wetu tunaijua bunduki kwa mlio wake tu, na huo unatosha. Ila leo naongelea kazi ya fundi: jeshi la Kisovieti lilivyochukua bunduki ya kila askari, Mosin-Nagant, likaifanya iue mtu mmoja aliyechaguliwa kutoka mbali.

Ilianza kutumika Urusi mwaka 1891, ikarekebishwa 1930. Kiwandani walizifyatua kuzipima, na zile zilizopiga vizuri zaidi zikatengwa kwa wadunguzi. Yaani haikuwa silaha mpya, ni ile ile iliyobahatika kutoka safi.

Shida ilikuja walipofunga darubini juu yake. Mkono wa boliti, kile chuma unachovuta ili kutoa ganda na kuingiza risasi nyingine, ulikuwa umenyooka. Ukiuinua, unagonga darubini. Basi wakautengeneza mrefu zaidi, wakaukunja uelekee chini. Shida ya pili haikuisha. Askari wa kawaida alisukuma risasi tano ndani kwa mara moja, zikiwa zimeshikwa na kibanio. Sasa darubini imeziba njia, kwa hiyo mdunguzi aliingiza moja moja kwa vidole, na baridi ya kule mnaisikia!

Mojawapo ya darubini za mwanzo, PE, ilikuza mara 4 lakini ilikuwa nzito. Mwaka 1942 wakahamia PU, ndogo na rahisi kutengeneza, ya mara 3.5. Hiyo ilibuniwa kwa ajili ya bunduki nyingine kabisa, SVT-40.

Sasa mtu nyuma ya darubini. Lyudmila Pavlichenko alikuwa mwanafunzi wa historia Kyiv Ujerumani ilipovamia, Juni 1941. Ana miaka 24, akajiandikisha. Huko Odesa na Sevastopol jeshi lake lilimhesabia watu 309. Kwa bunduki ya kawaida unaweza usijue risasi yako imempata nani. Yeye aliwaona kwanza kwenye kioo. Mwaka 1942 alijeruhiwa, akatolewa vitani, akapelekwa ziara Marekani, ambako waandishi wa habari walimuuliza kuhusu vipodozi na urefu wa sketi yake. Vita vilipoisha alirudi chuoni, akamaliza historia yake.

Bunduki nyingi za aina hiyo nazo zilirudishwa kuwa za kawaida: darubini ikatolewa, mkono ulionyooka ukawekwa tena. Ukiikuta moja leo, tazama ubavu wa kushoto, utaona matundu yaliyozibwa.