Maandishi ya chini yanakatwa kwenye televisheni? Rekebisha umbo la picha

Kama unaishi Buyenzi, Kinama au mtaa mwingine wa Bujumbura na televisheni yako ni ya kioo kipana, angalia ukingo wa chini wakati wa habari. Tarehe na namba ya simu ya tangazo, liwe la chanjo au la Regideso, mara nyingi hupita hapo. Ukiona nusu ya herufi tu, usikimbilie kumwita fundi. Huenda picha imekuzwa kupita kiasi.

Kioo kipana kina uwiano wa 16:9. Vipindi vya zamani vilirekodiwa kwa 4:3, umbo linalokaribia mraba. Ukiikuza picha hiyo ijaze kioo chote, robo yake hupotea, juu na chini. Ukiivuta pembeni hakikatwi kitu, ila watu wanakuwa wanene na mpira unafanana na yai. Mistari myeusi kushoto na kulia si ubovu. Afadhali hiyo kuliko kukosa namba.

Kwenye rimoti tafuta kitufe cha "Format", "Aspect" au "P.Size". Kisipokuwepo, fungua menyu, kisha "Image" au "Picture". Chagua 16:9, au 4:3 kwa kipindi cha zamani. Kingo zikiendelea kukatwa, jaribu "Just Scan" au "Screen Fit", kulingana na aina ya televisheni.

Bado? Ingia kwenye mipangilio ya dekoda. Nayo ina chaguo lake la umbo la picha, na wengi huisahau. Iweke 16:9, halafu subiri maandishi yapite tena uyasome yote.