Ufa wa Miaka 17: Kosa la Windows NT na Swali la Mwenye Mamlaka

Mwaka 2012 binamu yangu alikuwa mtunza maabara ya kompyuta katika chuo kimoja hapa Kigali. Asubuhi moja alama za mtihani zilizohifadhiwa katika kompyuta ya maabara zilikutwa zimebadilishwa. Kumbukumbu za mashine zilionyesha kwamba kazi hiyo ilifanywa kwa mamlaka ya msimamizi wa mfumo, na nenosiri la msimamizi lilijulikana na watu wawili tu, yeye na mkuu wake. Mkuu hakuulizwa. Binamu yangu alipewa barua ya kuachishwa kazi, na mpaka leo shangazi hulitaja jambo hilo kwa sauti ya chini wageni wakiwepo.

Hoja ya barua ile ni fupi: aliyefanya alikuwa na mamlaka ya msimamizi, na mwenye mamlaka hayo ni mwenye nenosiri. Sisi wa historia tumefundishwa kuihoji hati kabla ya kuiamini, na kumbukumbu za kompyuta nazo ni hati. Katika insha hii ninafuata historia ya kosa moja la Windows ili kuonyesha kwamba sehemu ya pili ya hoja ile haikuwa ya kutegemewa, tena tangu mwaka 1993.

Windows NT 3.1 ilitoka tarehe 27 Julai 1993. Tarehe hiyo hunigusa kila ninapoiandika, kwa sababu siku nane baadaye, tarehe 4 Agosti, mkataba wa amani ya Rwanda ulitiwa saini Arusha, na sote tunajua mwaka uliofuata ulileta nini. Huko Marekani, kundi lililoongozwa na Dave Cutler lilikuwa limejenga mfumo wenye jambo ambalo DOS haikuwa nalo: ukuta kati ya mtumiaji wa kawaida na kiini cha mfumo. Katika DOS, yeyote aliyekaa mbele ya kompyuta aliweza kufanya lolote. Katika NT, kila mtu alipewa ruhusa zake.

Lakini wateja walikuwa na programu za zamani za DOS na hawakuwa tayari kuzitupa. Kwa hiyo NT iliwekewa chumba maalumu cha kuziendeshea. Prosesa ya Intel 80386, iliyotoka 1985, ilikuwa na uwezo wa kuigiza prosesa ya kale ya 8086, na NT ikautumia uwezo huo. Programu ya DOS ilipojaribu jambo lisiloruhusiwa, prosesa ilisimamisha kazi na kukiita kiini kije kuamua. Sehemu ya kiini iliyoitikia wito huo inaitwa KiTrap0D. (Hiyo “Ki” si kiambishi cha ngeli ya KI-VI, ingawa mwalimu wangu wa sarufi alifurahi sana nilipomwonyesha.)

Walioandika sehemu hiyo waliamini mambo matatu. Kwamba ni mwenye madaraka makubwa tu awezaye kuanzisha mazingira ya DOS. Kwamba mtumiaji wa kawaida hawezi kujichagulia apendavyo sehemu ya kumbukumbu ambamo programu yake itaendeshwa. Na kwamba hawezi kughushi ile hali ya mashine ambayo kiini huihifadhi ili kukumbuka kazi ilikoishia. Yote matatu yaliweza kuzungukwa. Mtu mwenye akaunti ya kawaida kabisa aliweza kutengeneza hali ya uongo, akakipa kiini, na kiini kikaipokea kama hati halali kwa kuwa ilikuja katika bahasha iliyozoeleka. Kuanzia hapo programu yake iliendeshwa kwa mamlaka ya mfumo wenyewe, yaliyo juu hata ya yale ya msimamizi, na hakuna mahali popote alipoulizwa nenosiri.

Aliyegundua hayo ni Tavis Ormandy, mtafiti wa usalama aliyekuwa akifanya kazi Google. Aliiarifu Microsoft Juni 2009. Miezi saba ikapita bila kiraka kutolewa, na tarehe 19 Januari 2010 akalitangaza kosa hilo hadharani pamoja na programu ya kulithibitisha. Lilikuwamo katika matoleo ya biti 32 kuanzia NT 3.1 hadi Windows 7, yaani miaka 17 ya kazi. Matoleo ya biti 64 yalisalimika, kwa sababu hayakuwa na kile chumba cha DOS. Wapo waliomlaumu Ormandy kwa kutangaza kabla ya tiba. Mimi naona lawama hiyo ina uzito, lakini alitoa pia njia ya kujikinga papo hapo, nayo ni kuzima uwezo wa kuendesha programu za biti 16, jambo ambalo ofisi nyingi zingeweza kulifanya bila kupungukiwa na kitu.

Kiraka kilitoka tarehe 9 Februari 2010. Hapo pakatokea kioja. Baadhi ya kompyuta zilizokiweka zilikwama kwenye skrini ya buluu, na Microsoft ikasitisha usambazaji kwa muda. Uchunguzi ulionyesha kwamba zilikuwa tayari zimeambukizwa programu haribifu iitwayo Alureon, iliyokuwa imejificha ndani ya mfumo na kutegemea mpangilio wa zamani wa kiini. Kiraka kilipoubadilisha mpangilio huo, mgeni yule aliyejificha akajikwaa na kuangusha nyumba nzima.

Sasa turudi Kigali. Mpango wa kwanza wa taifa wa teknolojia ya habari ulianza 2001, mwaka uleule Windows XP ilipotoka. Yaani tulipokuwa tukijaza maabara zetu kompyuta, ufa ulikuwa na umri wa miaka minane tayari. Nyaya za chini ya bahari zilifika pwani ya Afrika Mashariki mwaka 2009, na sisi tusio na bahari tulisubiri mkongo uvuke nchi za jirani. Kabla ya hapo intaneti ilikuwa ya setilaiti, ghali na ya polepole, na mwenye maabara alijifunza kuzima masasisho ili bando lisiishe. Mazoea hayo yaliendelea hata mkongo ulipofika. Kiraka cha Februari 2010 kilikuwa cha bure, lakini hakingeweza kujileta chenyewe.

Najua mhadhiri wa kompyuta atanikumbusha kwamba aliyekaa mbele ya mashine ana njia nyingine pia, kwa mfano kuiwasha kwa diski ya nje. Ni kweli, na hilo linaidhoofisha barua ile zaidi. Wala sidai kwamba fulani alitumia KiTrap0D siku ile. Ninachodai ni kwamba katika chumba chenye Windows XP za biti 32 zisizowekewa kiraka, maneno “mamlaka ya msimamizi” yangeweza kumhusu mwanafunzi yeyote mwenye akaunti, na programu ya kumpandisha ilikuwa imetangazwa hadharani miaka miwili kabla.

Mwezi uliopita nilimsomea binamu yangu rasimu ya insha hii. Siku hizi ana duka la kutengeneza simu Nyabugogo. Alisikiliza huku akiendelea kulegeza skrubu, kisha akaniuliza kiraka kilitoka lini. Nikamrudia tarehe. Akaweka bisibisi chini.

“Masasisho tuliagizwa kuzima,” alisema. “Kwa maandishi. Agizo lenyewe lipo nyumbani, ndani ya bahasha moja na barua ya kunifukuza.”