Hoteli za kifahari za ufuoni: mkaazi wa Mombasa analipia nini hasa

Hoteli kubwa za ufuoni katika bara la Mombasa zimejipanga kaskazini mwa kisiwa, kuanzia Nyali, kupitia Bamburi hadi Shanzu. Nyali Beach ilifunguliwa mwaka 1946, na nyingine zikafuata. Likoni ina ufuo wa Shelly, ila wageni wengi hushuka feri na kuendelea hadi Diani, Kwale. Changamwe ni mlango tu: uwanja wa ndege wa Moi uko huko.

Zamani wateja walikuwa Wazungu. Siku hizi utakuta familia za Nairobi, maharusi wa Majengo na watu wa semina. Mwenyeji anayefikiria kulala usiku mbili tatu ni vyema ajue kwanza kwamba bahari yenyewe hailipii. Kifungu cha 62 cha Katiba ya 2010 kinaitaja ardhi iliyo kati ya alama ya maji kujaa na maji kupwa kuwa ya umma. Mlinzi anaweza kukuzuia getini, lakini hawezi kukuondoa mchangani unapopita chini ya alama ya maji kujaa. Unacholipia ni kitanda, chakula, bwawa na utulivu.

Na bwawa lina maana yake. Maji yetu hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku saa zinasogea mbele kwa dakika 50 hivi. Wakati wa bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji yakipwa hurudi mbali kuelekea mwambani, na mbele ya chumba chako hubaki mawe, mwani na vidimbwi. Aliyelipa ili aogelee saa nne asubuhi huishia kutembea. Kusi ikivuma, mwani hutupwa ufuoni kwa wingi; kaskazi, Disemba hadi Machi, bahari hutulia, na bei nayo hupanda. Halmashauri ya Bandari hutoa jedwali la maji: litazame kabla ya kuchagua tarehe.

Bei hushuka zaidi mvua za masika, Aprili hadi Juni, isipokuwa Pasaka ikiangukia humo. Hoteli nyingi zina bei ya wakaazi, kwa hiyo beba kitambulisho, na uliza kama ushuru wa VAT wa asilimia 16 umo ndani ya bei uliyotajiwa.

Mpango wa bangili mkononi, yaani kula na kunywa kila kitu, huwafaa wenye watoto: mama hapiki, na hakuna kuhesabu soda. Lakini pombe mara nyingi imo ndani ya bei hiyo. Asiyekunywa anachangia glasi za jirani yake. Kwa familia ya Kiislamu, naona heri staftahi na chakula cha usiku pekee, mchana mkatoke. Ulizeni pia mapema kuhusu nyama ya halali na vazi linalokubaliwa bwawani. Kuzozana na msimamizi wa bwawa mbele ya watoto si likizo. (Pilau ya hoteli msiitegemee. Imepunguzwa viungo kwa ajili ya wageni.)

Kasoro kubwa iko nje ya chumba. Kuta zimepangana kando ya bahari, na vijia vya umma vya kufika ufuoni vimebaki vichache na vyembamba. Ukiwa ndani huoni tatizo hilo. Mvuvi aliyebeba nyavu huliona kila siku.

Upande wa pili, hoteli hizo ndizo mshahara wa nyumba nyingi za Kisauni na Likoni, na mshahara huo ni dhaifu. Baada ya ghasia za Likoni za Agosti 1997, shambulio la Kikambala la Novemba 2002 na tahadhari za Uingereza za 2014, wageni walipungua na kazi zikaenda nao, za vibarua zikitangulia. Mgeni wa ng'ambo huondoka serikali yake ikimwambia aondoke. Mwenyeji anayelala Shanzu mwezi wa Mei hujaza chumba ambacho pengine kingekaa kitupu, na bakshishi anayoacha hufika mtaani jioni hiyo hiyo.

Anayetaka bahari bila kitanda, ufuo wa umma wa Jomo Kenyatta, Pirates, uko Bamburi. Jumapili hujaa, nendeni asubuhi, maji yakijaa.