Richard Meinertzhagen

Richard Meinertzhagen (3 Machi 1878 – 17 Juni 1967) alikuwa ofisa wa jeshi la Uingereza aliyesimamia shughuli za ujasusi katika Afrika Mashariki na kisha Palestina wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Kwa miaka mingi alihesabiwa miongoni mwa majasusi hodari wa vita hivyo. Siku hizi sifa hiyo imetiwa shaka kubwa, kwa kuwa shahidi wake mkuu alikuwa yeye mwenyewe.

Alizaliwa London katika ukoo wa wenye benki uliotoka Ujerumani. Aliingia jeshini mwaka 1899, akatumikia India, na mwaka 1902 akaja Kenya katika King's African Rifles, jeshi lililojulikana na wenyeji kama Keya. Tarehe 19 Oktoba 1905 alikutana na Koitalel arap Samoei, kiongozi wa Wanandi waliokuwa wakipinga utawala wa Waingereza. Mkutano ulikuwa wa kutafuta suluhu, lakini Koitalel aliuawa papo hapo pamoja na baadhi ya wafuasi wake. Meinertzhagen alidai kwamba alikuwa akijihami, na mabaraza matatu ya uchunguzi yakamwondolea hatia. Hata hivyo aliondolewa Kenya mwaka uliofuata. Kwa Wanandi mauaji hayo yalikuwa usaliti mtupu. Fimbo za Koitalel ambazo Meinertzhagen alizichukua zilirudishwa Kenya mwaka 2006.

Novemba 1914 alikuwa ofisa wa upelelezi katika jeshi lililotoka India kuivamia Tanga, katika koloni la Wajerumani. Askari wapatao 8,000 wa Meja Jenerali Arthur Aitken walishindwa na kikosi cha kamanda wa Kijerumani Paul von Lettow-Vorbeck chenye watu wapatao 1,000. Waingereza walikuwa wametoa onyo kabla ya kushuka pwani, na Wajerumani wakapata nafasi ya kuleta askari kwa reli kutoka upande wa Moshi.

Baada ya kipigo hicho, Meinertzhagen alikabidhiwa upelelezi wa Waingereza, makao yake yakiwa Nairobi. Hapa ndipo penye kazi yake ya maana zaidi. Alituma wapelelezi Waafrika kuvuka mpaka na kuingia kambi za Wajerumani. Mojawapo ya mbinu zake ilikuwa kuokota makaratasi yaliyotumika chooni na maofisa wa Kijerumani, ambao kwa uhaba wa karatasi walijipangusia barua na amri za kijeshi. Makaratasi hayo yakisafishwa yalitoa majina ya maofisa, vikosi vyao na mienendo yao. Kazi hiyo chafu na ya hatari ilifanywa na Waafrika, na adhabu ya jasusi aliyekamatwa ilikuwa kifo. Vitabu vimelitukuza jina la ofisa aliyeketi Nairobi, na majina ya waliojitia hatarini hayamo. Dhuluma hiyo haijarekebishwa hadi leo.

Mwaka 1917 alipelekwa Palestina chini ya Jenerali Edmund Allenby. Oktoba mwaka huo ofisa mmoja wa Uingereza alipanda farasi hadi karibu na doria ya Waturuki, akafukuzwa, akajifanya amejeruhiwa na kuangusha mkoba wenye madoa ya damu. Ndani mlikuwa na fedha, barua ya kifamilia na hati za uongo zilizoonyesha kwamba shambulio kuu lingekuwa Gaza. Allenby alishambulia Beersheba tarehe 31 Oktoba na kuiteka siku hiyohiyo. Meinertzhagen alijitangaza kuwa mbunifu wa hila hiyo na mpanda farasi mwenyewe. Mwandishi Brian Garfield, katika kitabu chake cha mwaka 2007, alipinga yote mawili: wazo lilikuwa la ofisa James Belgrave, na aliyeupeleka mkoba ni ofisa mwingine, Arthur Neate. Wanahistoria hawakubaliani pia kuhusu kiasi ambacho adui alidanganyika.

Baada ya vita alihudhuria mkutano wa amani wa Paris mwaka 1919, akashika wadhifa wa kisiasa Palestina na kuunga mkono Uzayuni waziwazi. Alijulikana pia kama mtaalamu wa ndege, lakini baada ya kifo chake wachunguzi walithibitisha kwamba aliiba vielelezo vya ndege makumbushoni na kuviandikia lebo za uongo. Shajara zake nazo zina kurasa zilizopigwa chapa upya na kuchomekwa baadaye. Anayezitumia kuandika historia ya vita vya Afrika Mashariki hana budi kutafuta ushahidi mwingine kwanza, hasa pale zinapomsifu mwandishi wake.