Chuka, Mwea na Hola: Vita vya Mau Mau katika Bunge la Uingereza

Vita vya Mau Mau vilipiganwa katika misitu ya Mlima Kenya na Nyandarua, lakini hesabu yake ya kisiasa ilifanyiwa London. Kwa miaka saba wabunge wa chama cha Leba na wale wa Wahafidhina waligombana juu ya maneno ya kutumia kuyaeleza yaliyokuwa yakitendeka Kenya, na sehemu kubwa ya ugomvi huo chimbuko lake lilikuwa Meru na Embu.

Katikati ya Juni 1953, miezi minane baada ya Hali ya Hatari kutangazwa, askari wa kikosi cha tano cha King's African Rifles waliwaua watu wapatao 20 wasio na silaha karibu na Chuka, ambayo wakati huo ilikuwa katika wilaya ya Meru. Waliouawa hawakuwa wapiganaji. Habari hizo hazikufika bungeni kwa sura yake kamili. Kilichofika ni kesi ya Kapteni Gerald Griffiths wa kikosi hicho hicho, aliyeshtakiwa kwa mauaji mengine ya eneo hilo na kuachiliwa huru Novemba 1953. Katika kesi hiyo mahakama ya kijeshi ilisikia kwamba askari walikuwa wakipewa shilingi tano kwa kila mtu waliyemuua, na kwamba vikosi viliweka orodha za idadi ya waliouawa kana kwamba ni mabao ya mpira.

Magazeti ya Uingereza yaliichapisha habari hiyo kwa herufi kubwa na Leba ikadai maelezo. Serikali ya Wahafidhina ilimteua Luteni Jenerali Kenneth McLean aongoze uchunguzi wa mwenendo wa jeshi. Uchunguzi huo ulimalizika katika muda wa majuma machache ya Desemba, na Januari 1954 Bunge likaarifiwa kwamba kwa jumla jeshi lilikuwa na nidhamu njema. Polisi na homgadi, ambao malalamiko mengi zaidi yaliwahusu, hawakuwamo katika hadidu za rejea. Machi 1954 Griffiths alishtakiwa tena, safari hii kwa kuwatesa mateka, akafungwa miaka mitano. Serikali iliweza hivyo kuonyesha mkosaji mmoja aliyeadhibiwa, huku mauaji ya Chuka yenyewe yakibaki bila mshtakiwa hata mmoja.

Pande zote mbili zilijua thamani ya gazeti. Idara za habari za serikali zilitumia sana picha za maiti wa Lari, walioshambuliwa Machi 1953. Upande wa pili, Novemba 1955 mbunge wa Leba Barbara Castle alikwenda Kenya kwa gharama za gazeti la Daily Mirror kuchunguza kifo cha Kamau Kichina, aliyepigwa mikononi mwa polisi hadi akafa. Waziri wa Makoloni, Alan Lennox-Boyd, alizoea kujibu kwamba tuhuma za aina hiyo ziliwavunja moyo walinzi wa usalama.

Mwaka 1957 kitovu cha mambo kilihamia tambarare za Mwea, wilayani Embu. Katika kambi za Thiba, Gathigiriri, Kandongu na Karaba, Terence Gavaghan aliendesha mpango ulioitwa kuzimua: mahabusu wakaidi waliletwa kwa makundi madogo, wakachanganywa na waliokwisha kukiri, na waliokataa amri walipigwa. Mwanasheria Mkuu wa Kenya, Eric Griffith-Jones, aliandaa maelezo ya kisheria yaliyotofautisha nguvu zinazoruhusiwa na zile za kuadhibu, na akamwandikia Gavana Evelyn Baring kwamba ikiwa ni lazima kutenda dhambi, basi itendwe kimya kimya.

Mbinu ya Mwea ndiyo iliyopelekwa Hola. John Cowan, ofisa wa magereza aliyeifahamu, aliandika mpango wa kuwalazimisha mahabusu wa huko kufanya kazi. Tarehe 3 Machi 1959 watu 11 walipigwa hadi kufa. Taarifa ya kwanza ya serikali ilisema walikufa baada ya kunywa maji ya gari la maji. Sentensi hiyo haikutaja rungu wala askari jela. Ilitaja mambo mawili yaliyofuatana na kumwachia msomaji ayaunganishe. Uchunguzi wa vifo ulipothibitisha kuwa walipigwa, taarifa hiyo ikawa mzigo kwa waliokuwa wameisambaza.

Uchaguzi mkuu ulikuwa unakaribia. Lennox-Boyd alitaka kujiuzulu, lakini Waziri Mkuu Harold Macmillan alimzuia kwa kuhofia hasara ya chama. Mjadala wa Juni ulimalizika kwa wabunge kupiga kura kwa kufuata vyama vyao. Ule wa usiku wa kuamkia Julai 28 haukwenda hivyo: ilipata saa saba na robo usiku Enoch Powell, mbunge wa Wahafidhina, aliposimama na kuwaambia wenzake kwamba Uingereza haiwezi kuwa na kipimo kimoja cha haki kwake na kingine kwa Afrika. Chama chake kilishinda uchaguzi wa Oktoba. Iain Macleod akachukua nafasi ya Lennox-Boyd, na Januari 1960 Hali ya Hatari ikaondolewa.

Faili zilizofichwa Hanslope Park zilijulikana mwaka 2011. Juni 6, 2013, Waziri wa Mambo ya Nje William Hague alitangaza katika Bunge lile lile malipo ya pauni milioni 19.9 kwa walalamishi 5,228. Yalikuwa ya manusura wa mateso. Hague alieleza majuto, lakini hakukubali kwamba serikali yake inawajibika kisheria.