Shabaha na Kishindo

Neno shabaha ni la kale katika Kiswahili chetu, na limebeba mambo mawili kwa pamoja: kile kitu kinacholengwa, na ule ustadi wa kukilenga. Mtu husema, "Fulani ana shabaha," bila kutaja bunduki, upinde wala jiwe, na kila asikiaye akaelewa. Ajabu ni kwamba katika sehemu zetu za kusini bunduki imekaa zaidi ya karne moja na nusu, lakini ukiuliza ni lini watu walianza kushindana kwa shabaha, kwa mchezo tu, hutapata jibu la haraka.

Mwaka jana mjukuu wa dada yangu, kijana wa sekondari, alinijia akataka kujua mtu huanzaje kushiriki mashindano ya kulenga shabaha. Alikuwa ameyaona kwenye televisheni, watu wamelala kifudifudi, wamevaa makoti mazito, wanapiga karatasi yenye miviringo. "Babu, sisi tunaanzia wapi?" Kwingine jibu ni fupi: nenda klabu, lipa ada, fundishwa. Kwetu Lulindi, upande wa Masasi, jibu hilo ni refu kidogo, maana ni lazima kwanza tujue bunduki ilikuja kwetu kwa kazi gani.

Nianze mbali. Tarehe 2 Julai 1860, huko Wimbledon, Uingereza, Malkia Victoria alivuta uzi wa hariri uliofungwa kwenye bunduki iliyokwisha kuelekezwa na mafundi na kukazwa juu ya kiegemeo. Umbali ulikuwa yadi 400, na risasi ikapiga kiasi cha inchi moja na robo kutoka kwenye kitovu cha shabaha. Hivyo ndivyo yalivyofunguliwa mashindano ya chama chao cha bunduki, kilichoundwa mwaka 1859. Hata wao hawakuanza kwa mchezo mtupu. Waliogopa kuvamiwa na Wafaransa, wakataka raia wajue kulenga. Wafaransa hawakuja, hofu ikapita, mchezo ukabaki. Mwezi Julai 1890 mashindano hayo yalihamia mahali paitwapo Bisley, na mpaka leo wanakutana hapo.

Sasa msomaji wangu, ushike mwezi huo. Tarehe 2 Julai 1890, miaka thelathini kamili tangu Malkia avute uzi wake, wakubwa wa Ulaya na wenzao walitia sahihi mkataba mjini Brussels. Ulihusu kukomesha biashara ya watumwa, na ndani yake mlikuwamo vifungu vya silaha. Katika ukanda mkubwa wa Afrika, kuanzia nyuzi 20 kaskazini mpaka nyuzi 22 kusini mwa ikweta, ilikatazwa kuingiza bunduki zenye mtutu wa michirizi na zile za kushindiliwa kwa nyuma, ila kwa ruhusa ya serikali na kwa watu maalumu. Kilichoachwa kiuzwe kwa mtu wa kawaida ni gumegume, yaani bunduki ya jiwe la kiberiti yenye mtutu laini, pamoja na baruti ya kawaida.

Sisemi kwamba sababu waliyoitaja ilikuwa ya uongo. Masasi yenyewe, kama misheni, ilianzishwa mwaka 1876 na Askofu Steere kwa ajili ya watu waliokombolewa utumwani, na mwaka 1882 Wangoni, ambao wazee wetu waliwaita Magwangwara, waliivamia wakaua na kuteka. Watu wa uwanda wa Makonde walijificha ndani ya vichaka vizito, vijia vyao vyembamba kama vya panya, na hicho kichaka kiliwakinga kuliko silaha yoyote. Biashara ya watumwa ilikwenda na bunduki. Hilo halina ubishi. Lakini mkataba haukukataza bunduki. Ulikataza bunduki yenye shabaha. Kishindo tuliachiwa.

Tofauti hiyo si ndogo, na afadhali niieleze. Ndani ya mtutu wa bunduki ya kisasa mna michirizi inayozunguka mfano wa uzi wa parafujo. Risasi ikipita humo hutoka inazunguka, na mzunguko huo ndio unaoishikilia njiani isiyumbe. Mtutu laini hauna kitu hicho. Goroli hutoka ikigonga huku na huku, na baada ya hatua hamsini au sitini ni bahati yako na bahati ya mnyama. Waweza kuwa na jicho la mwewe na mkono usiotetemeka, chombo kitakuangusha.

Mjomba wangu, kaka yake mama, alikuwa na gobole lenye kibali. Kwetu mjomba ndiye mzee wa ukoo, na mimi ndiye niliyebeba pembe yake ya baruti tangu nikiwa na miaka kumi. Kulishindilia ilikuwa kazi ya subira: baruti kwanza, halafu kitambaa, kisha mdeki wa kugandamiza, halafu vipande vya chuma, kitambaa tena, mdeki tena, na mwisho fataki mahali pake. Akikosa, hakuna risasi ya pili. Mpaka ashindilie upya nguruwe amekwisha kuvuka bonde. Kwa hiyo ustadi wake wote haukuwa katika kulenga. Ulikuwa katika kunyatia. Alijua upepo, alijua nyayo, alijua nguruwe gani wa mihogo yetu hupita wapi saa ngapi, na alikuwa tayari kulala juu ya majani makavu usiku kucha ili amfikie mnyama hatua kumi na tano. Ndiyo maana nikisikia watu wakisema wawindaji wetu wa zamani hawakuwa na shabaha, huona wanapima kitu kwa kipimo cha kitu kingine.

Nafikiri hata Maji Maji yaeleweka vizuri zaidi ukiutazama umbali huo. Mwaka 1905 misheni ya Masasi ilichomwa moto, na majeshi ya waliokunywa maji ya Kinjikitile yalienea kusini yote. Mtu mwenye gobole au mkuki, akikabili askari mwenye bunduki ya michirizi na nyuma yake bombomu, alikuwa na mamia ya hatua za kukimbia wazi kabla silaha yake haijawa na maana. Hatua hizo hazivukiki kwa ushujaa peke yake. Dawa ya kugeuza risasi kuwa maji ilikuwa jibu la swali hilo hasa: utavukaje? Wanaoicheka dawa ile hawajajiuliza wao wangevuka kwa nini.

Vita vya kwanza vya dunia nitavipita upesi, ingawa vilipita kwetu kwa miguu mizito. Machi 1916 meli ya Kijerumani, Marie, iliingia ghuba ya Sudi karibu na Lindi ikashusha mizinga na risasi, nazo zikabebwa vichwani na watu wetu. Mwaka huohuo Wareno walivuka Ruvuma wakaishika Newala, na Novemba wakafukuzwa. Askari wengi wa Wajerumani walikuwa bado na bunduki za mwaka 1871, za baruti nyeusi, ambazo kila zikilia hutoa wingu la moshi na kumwambia adui ulipo. Novemba 1917 Lettow-Vorbeck alivuka Ruvuma na askari aliobaki nao, akaiteka kambi ya Wareno pale Ngomano, akapata humo risasi karibu 250,000. Wazee niliowakuta mimi hawakukumbuka nani alishinda. Walikumbuka njaa.

Wakati wa Mwingereza mambo yalibadilika kidogo tu. Gobole liliruhusiwa kwa kibali. Bunduki nzuri ilikuwa ya ofisa, ya msasi wa Kizungu, au ya askari wa KAR maadamu yumo kazini. Akistaafu, aliirudisha. Kenya jambo hili lilionekana wazi kuliko kwetu. Mwaka 1956, ikiwa bado koloni, Kenya ilipeleka walenga shabaha kwenye Olimpiki ya Melbourne. Mwaka huohuo, chini ya sheria za hali ya hatari, Mwafrika aliyekutwa na risasi moja mfukoni bila kibali aliweza kunyongwa. Risasi ileile, mchezo kwa huyu na kitanzi kwa yule.

Basi mimi na rika langu tulishika kwa mara ya kwanza bunduki yenye shabaha katika mgambo. Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 ulitaka wananchi wafundishwe kujilinda, na sisi wa mpakani hatukuhitaji kuelezwa sababu. Tangu 1964 ng'ambo ya Ruvuma palikuwa na vita, wakimbizi walikuwa kwetu, na vijiji vya mpakani vilipigwa na Wareno. Nilipoingia mafunzoni mwaka 1976 Msumbiji ilikuwa imekwisha kupata uhuru, lakini mafunzo yaliendelea. Majuma ya kwanza tulibeba bunduki za mti. Tulizisafisha, naam, tulisafisha miti, tukazilalia, tukazikimbiza mlimani. Kisha zikaja SAR chache, tukapokezana.

Afande wetu alikuwa mtu wa maneno machache. Lala, panua miguu, viwiko viwili chini, shavu juu ya kitako. Vuta pumzi, toa nusu, iliyobaki ishike. Usivute kwa ghafla, kamua kama unakamua embe. Kila mmoja alipewa risasi tano, kwa sababu risasi ni fedha za kigeni, na kabla ya hizo tano tulirudia maneno yale siku kumi bila kulipua kitu. Nimesoma baadaye vitabu vya watu wa Bisley, wanafundisha yaleyale.

Siku ya kufunga mafunzo palifanywa mashindano kati yetu na wenzetu wa kata jirani. Umbali mita mia, nyuma kuna kilima cha kupokea risasi, na zawadi ya mshindi ni jembe jipya. Mimi nilipata tatu kati ya tano, nikaridhika. Kijana mmoja wa kitongoji chetu, mtoto wa mama mfuaji nguo pale hospitali ya misheni ya Lulindi, ile aliyofanyia kazi Dakta Leader Stirling kabla hajawa Waziri wa Afya, alipata zote tano, na tano hizo ungeweza kuzifunika kwa kiganja. Watu walimbeba. Mjomba, aliyekuja kutazama, alizunguka mpaka kwenye ubao, akautazama kwa muda mrefu, akarudi.

Nilimwuliza, "Shikamoo mjomba, umeonaje?"

"Marahaba. Nimeona mnapiga mbali," akasema. "Mbona ule ubao mmeuchonga mtu?"

Ni kweli, ubao ulikuwa na umbo la mtu, kichwa na mabega. Sisi hatukuwa tumeliona jambo hilo. Tulikuwa tumezoea.

Yule kijana aliondoka na jembe lake, na jina lake likaandikwa katika daftari. Mwishoni mwa mwaka 1978, Amin alipokwisha kuivamia Kagera, magari yalikuja kuchukua mgambo, na aliyekuja kuita alikuwa na orodha. Wa tano kwa tano alikuwa katika majina ya mwanzo. Alikwenda akiwa hajawahi kufika hata Dar es Salaam. Akarudi mwaka 1979 mzima wa viungo, akaoa, akapanda mikorosho, na hajasimulia. Nguruwe wakiingia shambani kwake huwapigia debe. Nilipotaka kumwazima gobole la marehemu mjomba alinishukuru vizuri sana, akaliacha mlangoni kwangu.

Ndipo nimrudie kijana wetu na swali lake. Nilimweleza kwamba bunduki si kitu cha kuanzia. Sheria ya mwaka 2015 inataka kibali kwa kila silaha na kila mwenye kuishika, nayo ina haki, kwa nchi iliyoona yaliyoonekana. Nilimwambia shabaha ilikuwako kabla ya mtutu. Akaenda zake, nikadhani amekata tamaa. Kumbe walikaa wenyewe, yeye na wenzake, wakaanza na manati: mpira wa baiskeli, panda ya mti, kokoto za ukubwa mmoja zilizochaguliwa bondeni. Msimu wa korosho ulipokwisha wakapanga siku, vijiji vitatu, risasi zao tano kwa kila mmoja kama sisi.

Wakataka mwamuzi mtu mzima asiye na upande, wakamwendea yuleyule mzee wa Kagera bila kuniuliza. Ningewazuia. Aliwasikiliza, akauliza watapiga nini. Wakasema makopo, au wachore mtu kwenye ubao kama walivyoona kwenye picha. Akawaambia mtu hapana, na makopo hayahesabiki vizuri. Kisha akaingia ndani, akatoka na msumari, kamba na kipande cha mkaa, akapigilia msumari katikati ya ubao wa mlango mbovu, akafunga mkaa kwenye ncha ya kamba, akachora mviringo mmoja ndani ya mwingine, mitano. Siku ya mashindano alifika kabla ya wote, akaanza kuhesabu hatua kutoka kwenye mkorosho, ishirini, akachora mstari kwa kisigino.